Vigelegele Viwili Nilivyokata

Jumamosi, 5 Oktoba

Na bado sijamaliza kusema juu ya mikono yake. Daftari la kwanza lilijaa kabla sijafika hapo, kwa hiyo naendelea hapa. Mkono wa kulia una alama ndogo za moto, kwa sababu Munyi hutengeneza redio na spika na kile chuma cha moto cha kuchomelea nyaya hakina huruma. Vidole vinne vya kushoto vina ngozi ngumu kama punje za mahindi, kwa sababu ya nyuzi za gitaa. Leo tumetimiza wiki tano za ndoa. Akinishika shavu nasikia zile punje nne, moja moja, na najiambia, Karambu binti wa muuza kabeji wa soko la Gakoromone kule Meru, wewe umepewa nini hiki?

Tunaishi Kianjokoma, upande wa Embu, vyumba viwili nyuma ya kibanda chake. Laptopu yangu iko juu ya meza ya jikoni na nahariri video za harusi na za mahari kama nilivyokuwa nikifanya Meru. Mvua ya vuli imeanza. Nafurahi mpaka naona haya.

Leo amenipeleka Karurumo kusikia bendi yake. Wanaitwa Ukungu wa Kirimiri na wako watatu tu. Munyi anapiga gitaa na kuimba. Nyamu, ambaye hufanya kazi ya ofisi Embu mjini, anapiga kinanda na kuendesha ngoma za mashine. Runji, mkulima wa kahawa, anapiga besi. Wanafanyia mazoezi ndani ya stoo ya kahawa ya Runji, magunia wakiyasukuma ukutani. Wanapiga roki, lakini si ile ya kurukaruka. Yao ni ile ya nyimbo ndefu zinazogeuka kasi katikati, zinanyamaza, halafu zinaanza upya mahali usipotarajia.

Njiani Munyi alinieleza juu ya wimbo wao mkubwa, "Siku ya Kwanza". Aprili mwaka jana Carol, mke wa Runji, alijifungua hospitalini. Siku walipomleta mtoto nyumbani mvua ilikuwa inanyesha, na Runji alikuwa amewasha simu kurekodi mlio wa mabati, maana hupenda vitu kama hivyo. Mama yake, Njura, akasimama langoni akapiga vigelegele. Simu ikashika vyote. Mtoto aliitwa Kithaka, jina la babu yake. Aliishi siku kumi na moja.

"Runji alikaa mwaka mzima na hiyo sauti," Munyi aliniambia. "Halafu akaniletea. Wimbo wote unahesabu tano, si nne kama nyimbo za watu. Tano, tano, tano, mpaka mwisho."

Sikuuliza kwa nini tano.

Unaanza na mvua, halafu vile vigelegele, halafu besi inaingia polepole kana kwamba inaogopa kuamsha mtu. Unachukua dakika ishirini na mbili. Dakika ya tisa nililala juu ya gunia. Niliamka kila mtu akiwa amenyamaza, na Carol ananitazama kutoka mlangoni, mikono yake ina unga.

"Ulipenda?" Munyi aliniuliza tukirudi.

"Sana, mpenzi."

Huo ni uongo wangu wa kwanza katika ndoa. Nauandika hapa ili angalau mahali pamoja pawe na ukweli.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua. Chapati zilitoka ngumu. Munyi amekula sita.

Jumapili, 13 Oktoba

Tulienda ibada Karurumo. Mama Njura ndiye anayeanzisha nyimbo kina mama wakiimba. Ana sauti inayotoboa mvua. Munyi anasema watu humwita harusini mpaka Siakago, na kwamba hakuna nyumba upande huo isiyoijua sauti yake. Baada ya ibada alinishika kiuno mbele ya watu wote akasema, "Huyu mwari wa Meru ni mwembamba kama waya wa radio! Munyi, unamlisha gitaa?" Watu walicheka. Mimi pia.

Jumamosi, 19 Oktoba

Sijui niandikeje.

Walipiga leo mchana katika ukumbi wa hoteli moja Embu mjini, tamasha la vijana. Kabla yao kulikuwa na wasichana wawili walioimba wakicheza, na ukumbi wote ulisimama. Halafu Munyi wangu akapanda na gitaa lake, akafunga macho, na mvua ya Karurumo ikaanza kutoka kwenye spika.

Dakika ya nne watu walianza kutazama simu. Dakika ya saba meza ya mbele iliondoka. Wale waliobaki walijaribu kupiga makofi lakini makofi hayakupata pa kukaa, kwa sababu ya ile hesabu ya tano. Kijana mmoja nyuma yangu akapaza sauti: "Buda, hii ni wimbo ama ni matanga?" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Runji hakuinua kichwa. Aliendelea kupiga besi kana kwamba yuko peke yake shambani.

Msichana aliyekaa kando yangu aliniuliza, "Unawajua hawa?"

Nikasema, "Hapana."

Mungu wangu. Nilikuwa nimevaa pete.

Jumatatu, 21 Oktoba

Munyi ametundika gitaa msumarini, uso kwa ukuta. Ametengeneza redio nne mfululizo. Nilimshika mkono akanipa, lakini mkono tu.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimefanya kitu! Moyo unanidunda kama mwizi.

Munyi alikuwa amekwenda Runyenjes kutafuta vipuri. Nilifungua faili la "Siku ya Kwanza" kwenye laptopu yangu na kwa mara ya kwanza nikalisikiliza lote, macho wazi. Na unajua nini? Dakika ya kumi na nne Munyi anaimba mistari miwili mitamu kuliko asali, "Umekuja, umekuja, nyumba imejaa," halafu harudii tena! Anaiacha pale kama mtu aliyedondosha pete majini. Mimi ni mtu wa video za harusi. Najua mahali machozi yanapotoka na mahali watu wanainuka kucheza. Nikakata.

Nilichukua ile "Umekuja" nikairudia mara nane. Niliikaza kasi, nikaweka ngoma ya nne nne, ile ambayo hata mtoto anaweza kuipigia makofi. Mwanzoni niliacha vigelegele vya Mama Njura kwa sababu vinasisimua. Lakini viko vitano, na ngoma yangu ni ya nne, vikawa vinamwagika nje. Tena kwenye vile viwili vya mwisho kulikuwa na kelele fulani nyuma, kama paka au lango linalolia. Nikaviondoa. Nikabaki na vitatu, na mahali pa nne nikaweka kofi moja. Vitatu na kofi! Nilisimama nikacheza peke yangu jikoni nikiwa na aproni.

Dakika tatu na nusu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nilimvalisha Munyi spika za masikio kabla hajanywa chai. Nilitazama uso wake kama mtu anayetazama maziwa yasifurike. Vigelegele vilipopita aliinua macho akanitazama, kidogo tu. Halafu "Umekuja" ikaanza na nikaona mguu wake unagonga sakafu.

Alipomaliza alivua spika. Kisha akaniinua juu mpaka kichwa changu kikagusa waya wa nguo. "Wewe," alisema. "Wewe, wewe, wewe."

Nikamuuliza, "Na Runji?"

"Nitamwambia mimi mwenyewe."

Ana jinsi ya kusema "mimi mwenyewe" inayonifanya nijisikie nimefunikwa blanketi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimemtumia Joyline. Tulisoma darasa moja na sasa anafanya kazi na mtangazaji wa redio Meru. Munyi amempigia Runji simu. Anasema alimwambia, "Tumeufupisha kidogo," na Runji akajibu yuko kwenye kahawa, wafanye wanavyoona.

Jumatano, 6 Novemba

Wamepiga! Saa nne na dakika kumi asubuhi! Nilikuwa namenya viazi na nikasikia Mama Njura anatoka kwenye redio ya jirani, vitatu na kofi. Nilikimbia nje na kisu mkononi. Munyi alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, redio zake zote sita zikiwa wazi kwenye stesheni moja, na alikuwa analia.

Nilimbusu mbele ya wateja. Watazoea.

Jumamosi, 9 Novemba

Kina mama wanaochuma chai wanaimba "Umekuja". Nimepita sokoni na muuza ndizi amepiga kofi la nne bila kujua kwamba ni kofi langu.

Ijumaa, 15 Novemba

Nyamu amekuja kwetu na karatasi. Anataka nyimbo zote zikatwe hivyo. "Shemeji ametuokoa," alisema. "Miaka sita tunapigia magunia. Sasa watu wanatuita harusi tatu Desemba. Tuachane na mambo ya dakika ishirini na mbili, hata mhubiri hawezi."

Munyi alicheka. Kisha akasema, "Runji atakubali?"

"Runji amesikia kwa redio?"

"Runji hana redio. Hata ile niliyompa alitoa betri akaweka kwa tochi."

Tumekubaliana kutengeneza video Karurumo, pale pale wimbo ulipozaliwa. Mimi nitashika kamera. Nimenunua maputo.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua siku nne. Maputo yako tayari, kumi na mawili, ya waridi na meupe.

Jumamosi, 23 Novemba

Nitaandika yote kwa mpangilio, la sivyo nitajitetea.

Tulifika Karurumo saa nne asubuhi na anga lilikuwa safi. Nilivaa gauni langu la njano. Nyamu alikuwa na mashati matatu ya waridi, mapya, na akamrushia Runji moja.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yako, msee. Ya video."

"Mimi nimetoka kuchuma kahawa, Nyamu."

"Ndiyo uoge basi! Ama unataka watu waone besi inapigwa na kuli?"

Runji alicheka, akaoga, akalivaa. Lilimbana mabegani. Nilimpenda kwa kulivaa lile shati, nataka niandike hivyo.

Carol alinisaidia kufunga maputo kwenye nguzo za stoo. Aliniuliza ndoa inaendeleaje. Nami nikaanza! Nilimwambia juu ya chapati sita, juu ya waya wa nguo, jinsi Munyi anavyonilaza kichwa begani mvua ikinyesha. Carol alisikiliza yote huku akifunga fundo baada ya fundo. "Ni vizuri," alisema. "Ifurahie." Nilikuwa nimemwambia mwanamke yule kwamba tunataka watoto wanne.

Halafu nikasema, "Tayari!" na Nyamu akawasha spika.

Vigelegele vitatu, kofi, na ngoma ikaanza. Munyi alikuwa tayari anafuatisha kwa mdomo. Runji alikuwa ameshika besi lakini vidole havikusogea.

"Rudisha," alisema.

Nyamu akarudisha. Vitatu na kofi.

"Rudisha."

Mara hii aliinua mkono wake na kuhesabu kwa vidole kama mtoto wa shule. Kidole, kidole, kidole. Mkono ukabaki hewani na vidole viwili vimekunjwa.

Mama Njura alitoka jikoni na mwiko. Alikuwa ameisikia sauti yake mwenyewe. Alisimama katikati ya uwanja, chini ya maputo yangu.

"Mimi nilipiga tano," alisema. "Runji, siku ile nilipiga tano. Mbona hapo niko na tatu?"

Aliunyoosha mwiko kuelekea spika.

"Tatu ni ya msichana. Kithaka alikuwa kijana. Mimi siwezi kukosea mjukuu wangu langoni. Nilipiga tano, hata majirani wakajibu."

Hapo ndipo nilipojua. Nina miaka ishirini na nne, nimehariri harusi zaidi ya mia, na nilikuwa sijui kwamba vigelegele vya mtoto vinahesabiwa. Vitano ni mvulana, vitatu ni msichana. Mimi nilizaliwa wodini Meru mjini, mama akarudi sokoni baada ya wiki mbili, na kama kuna mtu aliyenipigia chochote sijawahi kuuliza. Ndiyo maana wimbo wote ulihesabu tano. Ulikuwa unamhesabu yeye.

Nilifungua mdomo. Munyi aliwahi kabla yangu.

"Ni studio, Mama," alisema. "Yule mtu wa studio ndiye alikata. Sisi wenyewe hatukujua."

Nilikuwa bado nimeshika kamera, inarekodi miguu yangu. Ningeweza kusema. Nafasi ilikuwepo, kubwa kama uwanja wenyewe, na nikainyamazia.

Halafu langoni tukasikia vigelegele. Si vya spika. Vya watu. Kimoja, cha pili, cha tatu.

Walikuwa kina mama watatu, leso mabegani, viatu vimejaa matope mekundu mpaka kwenye kifundo. Wa mbele, mzee kidogo, alikuwa na chupa mbili za uji, na wa nyuma alikuwa na kikapu cha ndizi. Walikuwa wametoka Siakago asubuhi sana.

"Njura!" yule wa mbele aliita akicheka. "Unatuficha mjukuu? Mpaka tusikie kwa redio kama wageni?"

"Lenah," Mama Njura alisema. Ni binti wa mjomba wake. Mwiko ulikuwa bado mkononi.

"Nilisikia sauti yako nikaambia huyu, nyamaza, huyo ni Njura, hebu hesabu! Tukahesabu. Tatu! Nikasema, Mungu amemfuta Carol machozi, amempa msichana. Mtoto yuko wapi? Tumemletea kofia."

Na akaitoa kweli, kofia ndogo ya kufuma, ya waridi, rangi ile ile ya maputo. Alitazama maputo akafurahi zaidi. "Kumbe ni leo mnasherehekea!"

Niliona Carol anavuka uwanja. Nilidhani atapiga kelele, au atakimbia ndani. Alifika langoni akapokea chupa moja ya uji, akaipima uzito.

"Bado ni moto?"

"Ni moto sana, mwanangu."

"Hakuna mtoto, Mama Lenah," Carol alisema. "Ni wimbo tu. Lakini mmetoka mbali na njia ni mbaya. Ingieni mnywe kwanza."

Lenah alimtazama. Kisha akamtazama Njura. Alichukua ile kofia akaifunga ndani ya pembe ya leso yake, fundo moja, la pili, akaliingiza kifuani.

Carol alileta vikombe akatugawia sote. Ulikuwa uji wa wimbi, mzito, ule wa kumrudishia mama aliyejifungua nguvu. Alinipa na mimi. Mkono wangu ulitetemeka, uji ukanimwagikia kwenye gauni, na Carol akaufuta kwa kona ya kanga yake bila kuniuliza kitu. Nikaunywa wote.

Runji alivua shati la waridi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya spika.

"Mimi nimetoka," alisema.

"Toka wapi?" Nyamu aliuliza. "Runji, wacha hivyo, ni makosa ya studio, tutarekebisha."

"Bendi bakini nayo. Na wimbo pia, bakini nayo. Hiyo si yangu."

Nilipasua maputo mwenyewe, moja moja kwa pini, kwa sababu sikujua la kuyafanyia. Kila moja lilipopasuka Mama Njura alishtuka. Hata hilo sikulifikiria.

Jumapili, 24 Novemba

Sikwenda ibada.

Jumanne, 26 Novemba

Mvua. Nilimwambia Munyi, "Ulidanganya kwa ajili yangu na sitaki. Kesho nitaenda kuwaambia ni mimi niliyekata, na kwamba wewe hukujua."

Alikuwa anafungua redio. Aliweka bisibisi chini.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Siku ile ya spika za masikio. Nilihesabu. Mimi ni mtu wa hapa, Karambu, siwezi kukosa kuhesabu. Nikasikia tatu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana." Aliisukuma bisibisi kando. "Si hilo tu. Nilikuwa nimefurahi mimi. Miaka sita watu wanatucheka, na hapo nikasikia kitu ambacho hawatacheka. Nikajiambia, nani husikiliza mwanzo wa wimbo?"

Niliangalia mikono yake. Ni ile ile. Punje nne, alama za moto. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na moja juu ya mikono hii na sikujua inaweza kukaa juu ya meza hivyo, ikijua, mwezi mzima.

Lakini mimi ni nani wa kusema? Mimi ndiye niliyesema "Hapana" na pete kidoleni.

Jumatano, 27 Novemba

Kesho imefika. Sikwenda.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimeongea na yule mtangazaji kupitia Joyline. Nilimwomba aweke wimbo mrefu badala ya ule. Alicheka. Nikamwomba basi arudishe vigelegele viwili, sekunde sita tu. Akasema, "Madam, watu wamezoea vitatu na kofi. Hata kwa birthday za watoto wanapigiwa. Ukiweka tano nani atacheza?"

Joyline aliniuliza kwa nini ninalia kwa sababu ya sekunde sita.

Alhamisi, 5 Desemba

Harusi ya kwanza, Embu. Nyamu alileta kijana wa kupiga besi ambaye ni hodari na hakosei. Watu walipiga kofi la nne kama mvua ya mawe. Munyi aliimba vizuri. Aliporudi mezani alikuwa amelowa jasho, akasema tu, "Anahesabu nne hata akiwa kimya, huyo kijana." Hatukumaliza keki.

Jumanne, 10 Desemba

Kahawa ya mwisho inachumwa. Leo asubuhi nilimwandikia Carol. Niliandika mara tano nikafuta mara nne.

"Carol, si studio. Hakukuwa na studio. Ni mimi niliyekata vigelegele kwenye meza yangu ya jikoni, kwa sababu nilitaka watu wacheze. Sikujua maana ya hesabu, lakini nilijua ni wimbo wa mtoto wako na sikukuuliza. Na siku ile nilinyamaza wakati ningeweza kusema. Munyi aliwadanganya ninyi kwa ajili yangu, na nilimwachia. Karambu."

Alama mbili za kufika. Hadi jioni, kimya.

Jumatano, 11 Desemba

Jua, baada ya wiki ya mvua. Carol amenitumia sauti yake kwenye simu. Nimeisikiliza mara nyingi mpaka naweza kuiandika yote.

"Karambu. Nilijua ni wewe. Wewe ndiye ulitetemeka ukamwaga uji, si Munyi. Sikusema kitu kwa sababu nilitaka useme mwenyewe. Mama pia alijua, alisema ule msichana wa Meru amebeba kitu. Runji hajajua, huyo utamwambia ukija. Sasa sikiliza. Mama anauliza zile mbili uliweka wapi. Anasema, kama zilitupwa, basi, lakini kama ziko, ziletwe. Mimi nakuambia kitu nyingine. Kwa ile ya nne mtoto anaamka. Kelele ya nyanya yake ilimwamsha. Kwa ile ya tano analia, kidogo tu, halafu besi inaingia. Ndiyo maana Runji aliifanya iingie polepole hivyo. Hiyo ndiyo sauti yake yote tuko nayo, kwa hiyo wimbo. Na mimi sijawahi kukaa mpaka mwisho. Ikianza nasimama mlangoni, halafu naenda jikoni. Siku ile ulilala kwa gunia, nilikuonea wivu."

Nilifungua laptopu. Kulikuwa na faili dogo pembeni ambalo huwa sifuti, la mabaki. Sekunde sita. Nilivaa spika za masikio. Mvua, Mama Njura, na nyuma yake kile nilichokiita paka. Si paka. Ni mtu aliyeamshwa, anakasirika kidogo, anashika pumzi, na analia. Sauti nyembamba, yenye nguvu. Niliwezaje kuisikia nisiisikie?

Nilimwita Munyi akaja na mikono yenye mafuta. Nilimvalisha spika. Alisikiliza, akarudisha, akasikiliza. Hakugonga mguu. Halafu akatoka akaenda kulitoa gitaa lake ndani ya mkoba, akalitundika msumarini, lakini mara hii uso umetazama ndani ya nyumba.

"Mimi pia nina la kumwambia Runji," alisema. "Kwamba nilihesabu."

"Anaweza kutufukuza."

"Atufukuze baada ya kusikia."

Nikamjibu Carol, na nanakili hapa ili nisiweze kulikana neno hata moja baadaye:

"Havikutupwa. Ninavyo vyote viwili na nitavileta mwenyewe, pamoja na wimbo mzima, dakika zote ishirini na mbili. Nitamwambia Mama Njura na Runji kwa mdomo wangu, mbele yako. Ukitaka kusimama mlangoni nitasimama nawe. Ukitaka kukaa, nitakaa, na sitalala. Munyi anakuja pia. Tutakuja Karurumo kabla mwezi huu haujaisha."